Binamu Yangu Alicheza Mechi Tisa Tu

Leo sina stori ya simu wala ya mziki. Leo ni voliboli. Na kabla hujapita kwenda kutafuta kitu cha kuchekesha, nipe dakika kumi. Hii si stori ya mpira tu. Ni stori ya msee mmoja mrefu kupita mlango wa kwao, mwenye mkono wa chuma, ambaye Kenya haikuwahi kumwona. Na mimi nina mkono katika hiyo stori, nitakuja kueleza.

Wiki jana usiku nilikuwa nimelala nikiskroli kama kawaida. Mtandao ukanipeleka kwa klipu za voliboli ya wanaume ya vyuo vya Marekani. Fainali ya 2025, ilichezwa Columbus, Ohio. Long Beach State waliwachapa UCLA seti tatu bila. Nikaona mtu ameruka, nikasema manze, huyu anaruka kama mtoto wa senge. Senge ni shangazi, kwa wale si wa kwetu. Basi usingizi ukaisha. Nikaanza kuchimba vile hayo mashindano yao yanavyopangwa.

Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kule Marekani huo ni mchezo mdogo. Usifikirie basketi. Vyuo vyenye timu ya wanaume ni vichache hivi kwamba vya daraja la kwanza na la pili vinagombania kombe moja. Mashindano yalianza 1970. UCLA wakabeba la kwanza, na mpaka leo hakuna chuo chenye makombe mengi kama wao. Kocha wao wa zamani, Al Scates, alishinda 19 akiwa na chuo hicho kimoja.

Lakini si makombe yaliyonikalisha kitandani. Ni njia ya kufika huko. Msimu unaanza Januari, unaisha Mei. Timu inacheza zaidi ya mechi ishirini. Bingwa wa ligi ya vyuo vya upande wake anapita moja kwa moja. Halafu sikia hii: nafasi zinazobaki hazipigiwi kura ya shilingi. Kuna kamati inakaa chini, inaangalia msimu mzima, ulishinda nani, ulishindwa na nani, ulicheza kwa nani. Kisha inaita timu nyingine ambazo hazikuwa mabingwa. Yaani unaweza kupoteza fainali ya ligi yenu Aprili, ulie, uoge, ulale, na bado jina lenu lisomwe.

Nikaweka simu kifuani. Nikamkumbuka binamu yangu.

Sisi ni wa kule kwa majani chai, pale Kericho na Bomet zinapokutana. Kama umewahi kupita huko kwa matatu ukapiga picha ukiwa dirishani, unajua vile kunakaa: kijani mpaka macho yachoke, mikaratusi mirefu kandokando, na watu wenye vikapu mgongoni. Kile picha haionyeshi ni kwamba jioni, karibu kila senta, kuna wavu. Wakati mwingine si wavu, ni kamba ya manila imefungwa kati ya nguzo mbili. Waendesha nduthi, wachumaji wa chai, wanafunzi wa kutwa, wote wanacheza pamoja mpaka mpira usionekane. Mtu akikwambia voliboli ni mchezo wa mabweni ya kitajiri, huyo hajafika kwetu.

Binamu yangu alijifunzia hapo. Alikuwa mbele yangu darasa moja. Akiwa kidato cha pili alikuwa anapiga mpira juu ya mikono ya wanaume wenye ndevu. Mimi nilikuwa mfupi, kwa hivyo nikafanywa seta. Kazi ya seta ni rahisi kueleza na ngumu kufanya: pasi ya pili ni yako, na ukiiweka vibaya hata spaika awe jitu hawezi kukuokoa. Tulicheza pamoja shule ya kutwa ambayo sitaitaja jina, kwa sababu walimu wetu hawakukosa. Wao walijaribu na walichokuwa nacho.

Sasa nikuelezee vile ubingwa wa taifa unavyopangwa hapa kwetu, maana wengi wetu tulicheza bila kujua ngazi nzima.

Mashindano ya shule za sekondari yanaendeshwa na KSSSA, chama cha michezo cha shule za sekondari Kenya. Michezo imegawanywa kwa mihula. Muhula wa kwanza una basketi, handiboli, magongo na raga ya wachezaji 15. Voliboli inakuja muhula wa pili, pamoja na soka, netiboli na raga ya wachezaji saba. Unaanza zoni, yaani shule za karibu na kwenu. Ukishinda unaenda kaunti ndogo. Ukishinda unaenda kaunti. Ukishinda unaenda eneo. Ukishinda unaenda taifa. Na walio juu kwenye taifa wanaenda michezo ya Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo inazunguka nchi kwa nchi: Arusha 2022, Huye kule Rwanda 2023, Mbale Uganda 2024, na 2025 ikaja Kakamega hapa nyumbani.

Hesabu hizo ngazi. Zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, Afrika Mashariki. Ni sita. Na kila moja inafuata sheria moja: ukipoteza, rudi kejani, tuonane mwaka ujao.

Halafu kuna ile hesabu ya maeneo. Kenya ina kaunti 47, lakini michezo ya shule bado inatumia maeneo nane, yale ya mikoa ya zamani. Nairobi ni kaunti moja, na ni eneo zima. Magharibi ina kaunti nne. Kati ina tano. Bonde la Ufa, kwetu, ina 14. Kumi na nne! Kuanzia Turkana mpaka Kajiado. Kwa hivyo kijana wa Bomet anatoka kwanza kwenye kaunti ndogo tano za Bomet, halafu anaingia chumba kimoja na Kericho, Nakuru, Uasin Gishu, Trans Nzoia na hao wengine wote. Na humo ndani wanakaa Nandi, na Nandi ndiko iliko Cheptil, shule ambayo imewahi kuwa bingwa wa taifa na ambayo ukitaja jina lake kwa wachezaji wa kwetu wanakohoa kidogo. Ukimaliza hao wote ndio unaingia taifa na mabingwa wa maeneo mengine, kwa kawaida timu nane, makundi mawili ya nne nne, nusu fainali, fainali.

Sisemi Nairobi wanapendelewa. Hata wao wana shule nyingi na ushindani wao ni noma. Nasema tu kwamba kama mlango ni mmoja na sisi ni kaunti 14, basi wengi sana watalala nje. Na wanaolala nje si wabovu wote.

Sasa turudi kwa binamu yangu.

Mwaka wake wa kidato cha pili, tulienda zoni, tukacheza mechi mbili za kundi, tukapoteza zote. Msimu ukaisha saa saba mchana. Wengine walikuwa hawajamaliza hata mandazi.

Kidato cha tatu tulifika fainali ya zoni. Mechi nne siku moja. Katika nusu fainali tuliwapiga shule ya bweni iliyokuja na basi lao, jezi zinang'aa, viatu vya kweli. Sisi tulikuja na Probox mbili, na kama unajua Probox za kwetu unajua hiyo ni timu nzima pamoja na mwalimu, mipira na akiba. Wao walitudharau, na hilo ndilo lililowaponza. 25 kwa 23, 26 kwa 24. Nilidhani nitalia. Halafu fainali tukachapwa vibaya, maana miguu ilikuwa imeisha. Kwetu anayepita ni bingwa peke yake, kwa hivyo tukarudi nyumbani.

Kidato cha nne ndio mwaka wake wa mwisho. Hapo ndipo nina kesi.

Asubuhi tulishinda mechi mbili za kundi. Binamu yangu alikuwa kwa siku yake. Alikuwa anacheza na sandak, vile viatu vya plastiki, na bado hakuna bloku iliyomfikia. Nusu fainali ikaanza saa nane hivi. Zoni huchezwa seti tatu, mwenye mbili anapita, kwa sababu timu ni nyingi na uwanja ni mmoja. Tukachukua ya kwanza, wakachukua ya pili. Seti ya tatu inaenda 15. Tukafika 8 kwa 6, tunaongoza, tukabadilisha pande.

Kama wewe ni wa Kericho au Bomet tayari unajua kilichofuata. Kwetu mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Wingu likatoka nyuma ya mikaratusi, na kabla refa hajapuliza kipenga tulikuwa tumelowa. Tukakimbilia madarasani. Tukakaa karibu saa nzima tukitetemeka, tukiimba, tukigawana mkate. Mvua ilipopungua, jioni ilikuwa inaingia, na timu za mbali zilikuwa na safari. Hakukuwa na siku nyingine. Mechi lazima iishe hapo, kwenye ule uwanja wa nyasi ambao sasa ulikuwa matope.

Waamuzi hawakufanya ubaya wowote. Naapa. Wangefanyaje? Siku ni moja, uwanja ni mmoja, mvua ni ya Mungu.

Tukafika 13 kwa 13. Sevi yao ikaja, libero wetu akaitoa vizuri, pasi ya pili ikawa yangu. Mpira ulikuwa mzito kama kabichi. Nikauweka chini, na karibu sana na wavu. Binamu yangu alikuwa tayari ameanza kukimbia. Akajaribu kuukata, sandak ikateleza, akapiga wavu, akaanguka na goti. 14 kwa 13. Pointi iliyofuata walipiga sevi ndefu, hatukuiona vizuri, ikaanguka kwenye mstari. Imeisha.

Kwa Probox hakuna aliyeongea. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Usijali, weri. Ilikuwa matope." Weri ni kijana, ni vile tunaitana. Mimi ningependa angenitusi.

Mbili, nne, tatu. Jumla tisa. Kwa miaka yake yote ya sekondari, binamu yangu alicheza mechi tisa rasmi. Timu moja ya chuo Marekani inamaliza hizo kabla ya Februari kuisha. Na hizo tisa zote alizichezea zoni, mbele ya wanafunzi, mama wa mandazi, na ng'ombe wawili nje ya ua.

Unaweza kuuliza, kwani ni nini kubwa hapo? Si michezo tu?

Hapana. Na hii ndio sehemu wazazi wa mjini hawaelewi. Kwetu voliboli ni barua ya kazi. Angalia timu za juu za wanaume nchini: GSU, Magereza, Jeshi, Bandari ya Mombasa. Hizo si klabu tu, ni waajiri. Kijana akionekana kwenye kaunti, mwalimu wa shule kubwa anaweza kumchukua. Akionekana kwenye taifa, kocha wa klabu anaweza kuandika jina lake kwenye kijitabu. Kutoka hapo kuna sare, mshahara, na mathe wake anajengewa nyumba ya mabati mapya. Lakini hao watu wa vijitabu hawaji zoni. Na siwalaumu, zoni ni nyingi mno. Wanangoja juu, waone nani atatokea. Kwa hivyo ile pasi yangu ya matope haikumnyima tu fainali. Ilimnyima macho.

Leo anafanya kazi shamba la chai. Si kwa kikapu. Mashine za kuchuma zilipoingia kwa wingi, kazi za mikono zikapungua, na mnakumbuka vile Kericho iliwaka Mei 2023, mashine zikachomwa. Yeye alikuwa na bahati, akapata kushika upande mmoja wa mashine. Mtu mmoja huku, mwingine kule, wanatembea na mstari wa chai katikati. Nikamtania siku moja, nikamwambia hiyo ni kama kubeba wavu. Akacheka, lakini si sana.

Sasa nilipokuwa karibu kuandika hii posti kwa hasira, niseme Wamarekani wameerevuka na sisi ni wajinga, nilimpigia simu mwalimu wetu wa michezo wa zamani. Nikamwelezea kila kitu, msimu, kamati, rekodi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Weri, ile petroli ya Probox unajua ilitoka wapi?"

Nikanyamaza.

"Mfukoni mwangu. Na muhula wa pili una wiki ngapi? Na kuna mtihani, na kuna mashindano ya muziki, na mzazi ambaye bado ana deni la karo. Ligi ya miezi mitano italetwa na nani?"

Halafu akaongeza kitu ambacho kimenikaa kichwani. Akasema, "Na kumbuka ile shule ya bweni mliyoipiga. Ingekuwa ligi ya mechi kumi, mngeipiga?"

Ukweli? Hapana. Kwa mechi kumi wangetumaliza saba au nane. Wana kocha, wana uwanja, wanakula nyama. Ile siku moja ya zoni, na wazimu wake wote, ndio ilitupa sisi wa sandak nafasi ya kuwatoa wenye basi. Msimu mrefu unapenda mwenye nguvu. Mtoano unapenda mwenye siku. Na sisi maskini mara nyingi tuna siku tu.

Kwa hivyo sitaki kudanganya. Mtoano una utamu wake na una haki yake. Hata kule Marekani mwisho wa msimu ni mtoano, ukipoteza umeenda. Tofauti ni kwamba wao wanafika kwenye huo mtoano wakiwa wamecheza. Sisi mtoano ndio mwanzo, ndio katikati, na ndio mwisho. Kijana anafanya mazoezi tangu Januari kwa ajili ya Jumamosi moja, na hiyo Jumamosi inaamuliwa na wingu.

Najua pia kuna mtu ataniambia, "Lakini Malkia Strikers walipita ngazi hiyo hiyo." Ni kweli. Wasichana wanaanza zoni kama sisi, na timu yao ya taifa imecheza Olimpiki mara nne: 2000, 2004, Tokyo na Paris. Ya wanaume haijawahi kufika hata mara moja. Kwa hivyo ngazi peke yake haielezi kila kitu. Lakini angalia walichonacho wasichana: shule kama Kwanthanze ya Machakos ambazo zimejenga timu miaka nenda miaka rudi, na klabu kama Kenya Pipeline na KCB zinazowangoja wakimaliza. Mwenye kufika kwenye shule kama hiyo anacheza mechi nyingi kila mwaka. Anapata kile binamu yangu hakupata. Hiyo inanipa nguvu zaidi: watu wanakua kwa kucheza.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Nilipata chuo. Vyuo vikuu vina mashindano yao chini ya shirikisho lao, KUSF, na hata kama mimi ni wa kukaa benchi, ndani ya muhula mmoja tu, ukihesabu za kirafiki, niliguswa na mechi kumi na moja. Kumi na moja! Zaidi ya zile tisa za mtu aliyekuwa bora kuniliko mara tatu. Na unajua nini kilitokea? Pasi yangu ilinyooka. Hakuna uchawi. Ukikosea Jumatano unarekebisha Jumamosi. Binamu yangu alikosea, au niseme nilimkosea, na hakukuwa na Jumamosi nyingine.

Basi mimi napendekeza nini? Nilimrudia mwalimu na hii, na safari hii hakuniuliza petroli.

Usiguse ngazi ya KSSSA. Iache. Lakini kabla ya zoni, shule nne za jirani zicheze zenyewe. Jirani kweli, wa kutembea kwa miguu. Kwetu shule za kutwa zimekaribiana, kengele ya moja inasikika kwa nyingine. Ijumaa saa ya michezo, badala ya kila shule kujichezea uwanjani kwake, mbili zinakutana. Hakuna basi, hakuna chakula cha kununua. Anza muhula wa kwanza, wakati voliboli imelala. Shule nne, kila moja ikicheza na mwenzake nyumbani na ugenini, kila timu inapata mechi sita. Sita! Kwa miaka mitatu ni 18, kabla hujafika hata zoni. Mvua ikinyesha Ijumaa hii, mnamaliza Ijumaa ijayo.

Pili, mtu aandike. Daftari la kawaida. Nani alicheza na nani, seti ngapi, nani alipiga vizuri. Sasa hivi binamu yangu hana hata karatasi moja inayosema aliwahi kucheza. Ile kamati ya Marekani haina akili kuliko sisi, ina rekodi tu. Siku kocha wa shule kubwa au wa klabu akiuliza, "Kuna kijana huko?", mwalimu awe na kitu cha kumwonyesha zaidi ya "kuna mmoja mrefu".

Tatu, na hii ni ya walio juu: kule zoni, kuwe na nafasi ya aliyeshindwa vizuri. Moja tu. Timu iliyofanya vizuri kwenye ligi ya Ijumaa halafu ikatolewa na siku mbaya iitwe kwenye kaunti ndogo. Haitamaliza dhuluma yote. Lakini wingu halitakuwa tena mwenyekiti wa kamati.

Mwalimu akasema ile ya tatu ni ndoto, ya pili inawezekana, na ya kwanza ataongea na wenzake. Halafu akasema, "Na daftari utanunua wewe." Fiti. Nimenunua.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni nikashuka kwa senta, kamba imefungwa kama kawaida. Binamu yangu alikuwa pale na gumbuti za kazi, ametoka shamba. Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mrefu, mikono kama ya kwake zamani. Binamu yangu akamwekea mpira mara ya kwanza, akapiga nje. Mara ya pili, nje. Mara ya tano ukaingia, na watu wa nduthi wakapiga honi.

Nikatoa daftari. Binamu yangu akauliza, "Unaandika nini, na hii si mechi?" Nikamwambia ninaanza tu. Akaniangalia, akasema, "Basi andika pia ile ya matope. Andika tulikuwa tunaongoza 8 kwa 6."

Nimeandika. Ukurasa wa kwanza.

Sasa wewe uliyecheza shule, popote ulipo, Litein, Sotik, Silibwet, Kapkatet, Londiani, hata Nairobi: keti chini uhesabu. Ulicheza mechi ngapi rasmi tangu uingie sekondari mpaka utoke? Usihesabu za jioni. Rasmi. Niambie namba yako. Na kama ni chini ya kumi, niambie pia ilikuwa siku gani ya wiki, na kama kulikuwa na mvua.